Kabla ya Waya

Watu wa siku hizi wakimtaja Kirk, Balozi wa Waingereza, humtaja kwa siku moja tu, Alhamisi ile ya tarehe 5 Juni 1873 lilipofungwa soko la watumwa la Mkunazini. Alikaa nasi miaka ishirini, akakuta masultani wawili, akaoa hapa hapa Unguja, akapanda shamba, na hayo yote yamefutika. Imebaki siku moja. Januari ya mwaka huu wa 1922 waya umeleta habari kwamba amefariki kwao Uingereza, mzee wa miaka themanini na tisa, macho yamekwisha. Vijana wa barazani wakaniuliza kama ni kweli nilimjua. Nilimjua kama tarishi anavyomjua mtu anayempelekea barua. Si ujuzi mkubwa, lakini tarishi huona uso wa mtu katika saa ambayo rafiki zake hawauoni.

Kazi niliipata kwa mjomba wangu, aliyekuwa karani wa Kiarabu katika jumba la Seyyid Barghash, sultani wetu. Nilikuwa bado mtoto wa chuoni, lakini miguu yangu ilikuwa myepesi na mdomo wangu mzito, na mjomba alisema tarishi hahitaji sifa ya tatu. Barua ikiisha kuandikwa ilikunjwa, ikapigwa lakiri nyekundu, nikakabidhiwa ile lakiri ikiwa bado ina joto. Nilipita Forodhani kati ya pembe za ndovu zilizolazwa chini zikisubiri kupimwa na magunia ya karafuu yaliyopangwa kama kuta, nikiwakwepa wachukuzi wawili wawili na mti wao begani, nikakata kichochoro nyuma ya Ngome, nikatokeza Shangani penye bendera ya Waingereza. Chini ya bendera hiyo palikuwa na bawabu ambaye hakuwahi kuniacha nipite bila kuniuliza natoka wapi, ingawa alinijua vizuri na baba yangu alimjua.

Kirk alikuwa mtu mwembamba, ndevu nyeusi nyingi, hana haraka. Hakupaza sauti. Meza yake ilinishangaza kuliko yeye mwenyewe, maana karatasi za serikali zililala pamoja na majani ya miti yaliyobanwa kati ya karatasi za kukaushia, na huwezi kujua kipi ni kazi na kipi ni starehe yake. Pembeni lilikuwapo sanduku la kupigia picha, lenye miguu mitatu na kitambaa cheusi, ambalo watumishi wa nyumba hawakulipenda hata kidogo. Kiswahili alikijua. Alisoma barua amesimama karibu na dirisha, na akimaliza alirudi nyuma akaisoma tena tangu mwanzo. Hapo ndipo nilipojifunza kutazama mikono. Uso wake haukusema kitu, lakini barua ikiwa mbaya alikuwa akiinyoosha mikunjo yake kwa kidole gumba, polepole, kana kwamba anataka kuirudisha iwe karatasi tupu.

Alikuwa daktari. Mskoti, alisoma uganga Edinburgh, na mara ya kwanza kuja Afrika hakuja kwa ajili ya Unguja wala watumwa. Alikuja na Livingstone kwenye mto Zambezi, 1858, awe mganga wa msafara na mkusanya mimea. Watumishi wake wa zamani walisimulia jinsi mtumbwi wake ulivyopinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa akapoteza madaftari yake na michoro ya mimea aliyoichora kwa mkono. Alipofika kwetu mwaka 1866 alikuwa daktari tu wa nyumba ya ubalozi, mtu wa kutibu homa. Mabalozi waliokuwa juu yake waliugua, wakaenda likizo, wakahamishwa, na kila mara kazi ikamwangukia yeye. Seyyid Majid alipofariki 1870 ndugu yake Barghash akashika ufalme, na haukupita muda aliyebaki ubalozini ni Kirk.

Na Barghash hakuwa na sababu ya kuwapenda Waingereza. Mwaka 1859 alipogombea kiti na kaka yake, ni mabaharia wa Kiingereza waliokwenda kulivunja jeshi lake shamba, na ni Balozi wa Kiingereza wa wakati huo aliyesimamia kupelekwa kwake Bombay uhamishoni. Mtu wa namna hiyo husoma barua ya Balozi akiwa amekunja uso kabla hajavunja lakiri.

Sasa niseme juu ya tufani, kwa sababu bila tufani hamwezi kuuelewa mkataba uliolifunga soko. Ilikuwa Aprili 1872. Upepo ulipiga usiku na mchana, majahazi yakabwagwa juu ya mchanga pale mbele ya mji, na meli mpya za Seyyid nazo zikaangamia bandarini. Mashambani ilikuwa zaidi. Baba yangu alikuwa na shamba dogo la mikarafuu njia ya Bububu. Tulipokwenda kutazama, ile miti aliyoipanda babu ilikuwa imelala upande mmoja, mizizi juu, kana kwamba mtu aliipitia akaisukuma mmoja mmoja. Mikarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana tangu hapo karafuu ni Pemba. Baba aliketi juu ya gogo, akamwambia mjomba, "Shemeji, sasa nitahitaji mikono ya kupanda upya." Alisema mikono. Kila mtu alijua mikono ya nani.

Mwaka haujapita, Januari 1873, akaja Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, mjumbe maalumu wa Malkia, na manowari na maofisa na mikono mingi ya heri. Alitaka biashara ya watumwa ya baharini ikomeshwe kabisa na masoko yafungwe. Seyyid akamjibu kwa adabu zote, akakataa. Nilizibeba barua hizo, zilikuwa nzito mkononi. Hoja ya Seyyid, mjomba alinieleza baadaye, ilikuwa kwamba Mungu amempiga kwa tufani na sasa Waingereza wanataka kumpiga mara ya pili kwenye jeraha lile lile, na Waarabu wake hawatamvumilia. Frere akaondoka mikono mitupu. Mjini watu walicheka, wakasema mzee yule amekuja kula halua na kurudi.

Aliyebaki ni Kirk, na Kirk hakucheka wala hakuwa na maofisa wengi. Mwanzoni mwa Juni ikamfikia amri kutoka London: Seyyid atie saini, ama manowari zikizunguke kisiwa, chombo kisiingie wala kisitoke. Kisiwa hiki kilikula mchele wa Bombay. Hapakuwa na haja ya kumfafanulia mtu. Siku zile chache sikutembea, nilikimbia. Kisha Kirk mwenyewe akaja jumbani, akaenda, akaja tena. Wazee wa Kiarabu walijaa barazani na majambia yao kiunoni, na kahawa ikawa inazungushwa bila mtu kuinywa. Mwezi ulikuwa Mfungo Saba. Seyyid akatia saini, na tangazo likabandikwa Forodhani: kusafirisha watumwa kwa bahari marufuku, masoko yote yamefungwa. Banyani na Wahindi wengine walio chini ya ulinzi wa Waingereza nao wasiruhusiwe tena kumiliki mtu.

Nilikwenda Mkunazini kesho yake, kwa udadisi wa kitoto. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu cha kuona, na mwishoni mwa mwaka ule ule, siku ya Krismasi, wamisionari wa Kiingereza waliweka jiwe la msingi la kanisa lao pale pale.

Nyumbani kwetu mambo yalikuwa mengine. Mama yangu aliletwa Unguja mtoto mdogo kutoka upande wa Nyasa, kwa njia ya Kilwa, na baba alimnunua akamfanya suria. Mimi ni mtoto wa suria, na kwa sheria yetu mtoto wa suria na bwana wake ni mwungwana, kwa hiyo sikuwa na cha kuogopa. Jioni ya siku ile ya saini mama alipika wali wa nazi na kuku, katikati ya wiki, hapana mgeni wala maulidi. Hakusema kwa nini. Baba alitazama sinia, akanawa mikono, kisha akainuka akatoka bila kula. Mimi nilikula sana. Kuku alikuwa ametiwa ndimu na bizari, na mafuta yake yalikuwa yamekolea kwenye wali mpaka ukawa wa manjano.

Nasikia watu wakisema siku ile utumwa uliisha. Soko liliisha. Utumwa ulibaki majumbani na mashambani, na biashara yenyewe ilijifunza kutembea usiku. Misafara kutoka Kilwa ikaacha bahari ikashika nchi kavu, ikapanda kaskazini kwa miguu hadi pwani ya Pangani, na huko watu wakavushwa gizani kwenda Pemba ambako mikarafuu ilikuwa bado imesimama. Kirk alimtuma makamu wake, Elton, aliyetembea pwani ile kuelekea Kilwa akaiona misafara ikimpita mchana kweupe, watu kwa maelfu. Ndipo Aprili 1876 Seyyid akatoa amri nyingine mbili kuzuia misafara ya nchi kavu, na Kilwa ikachafuka. Baharini nako Waingereza wakatia nanga manowari ya kale, London, ikakaa hapa kama boma kwa miaka kumi, na mashua zake zikawa zinavizia majahazi kwenye milango ya Pemba. Nahodha mmoja rafiki ya baba alizoea kusema kwamba zamani alimwogopa Mungu na kusi, sasa ameongezewa wa tatu.

Nimetaja shamba la Kirk. Lilikuwa Mbweni, kusini ya mji, karibu na pale wamisionari walipowaweka watu waliokombolewa. Barua ya Ijumaa mara nyingi nilimpelekea huko, na huko alikuwa mtu mwingine. Siku moja nilimkuta amesimama na wazee wawili wa Mrima waliomletea fundo za mmea utambaao msituni, ule unaotoa mpira. Mzee mmoja alichanja, akaupaka utomvu mweupe juu ya mkono wake mpaka karibu na kiwiko, akaacha ukakauka, kisha akaubandua ukatoka kama ngozi ya nyoka, akaukunja donge. Kirk akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, safari hii kwenye mkono wake yeye Balozi. Mmea ule leo wataalamu wameupa jina lake, na mpira wa pwani ukaingia katika biashara kubwa miaka ile ile alipokuwa akiandika habari zake. Ni yeye pia aliyethibitisha kwamba sandarusi inayochimbwa ardhini na ile inayotoka kwenye mti ulio hai ni za mti wa aina moja. Kima punju wa misitu yetu ya kusini naye ana jina la Kirk katika vitabu vya Wazungu, na digidigi wa bara vilevile. Wanasiasa wengi wameacha majina yao kwenye njia za miji. Huyu wa kwetu yuko msituni anaruka matawi.

Juu ya Stanley sitasema mengi, nilikuwa mdogo. Alirudi kutoka Ujiji 1872 akamtangaza Kirk dunia nzima kwamba alizembea, akaacha mizigo ya Livingstone ilale Bagamoyo. Serikali ya Uingereza ikachunguza, ikamsafisha Kirk. Livingstone alipozikwa London, Aprili 1874, wote wawili walikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza, pamoja na Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyekuja na maiti kutoka huku. Ningependa kuwaona wanavyotazamana.

Baada ya mkataba kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: Seyyid Barghash na Kirk wakawa kitu kimoja. Mwaka 1875 Seyyid alisafiri kwenda Uingereza, Kirk akiwa pamoja naye, na Taria Topan tajiri wa Kikhoja katika msafara. Zahir bin Said, katibu wa Seyyid, aliiandikia kitabu safari hiyo. Mwaka ule ule Khedive wa Misri alileta manowari akateka Barawa na Kismayu, bandari za Seyyid. Barua za jumbani zilikwenda Shangani asubuhi na jioni, Kirk akaandika kwao, London ikamwambia Khedive aondoe askari wake, akaondoa. Hapo hata wazee waliomchukia kwa sababu ya soko walianza kusema, huyu kafiri ana faida. Seyyid akapata jeshi la kufunzwa kwa mtindo wa Kizungu chini ya Luteni Lloyd Mathews, aliyetoka katika manowari London. Akanunua meli. Akaleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za Bububu, na akajenga Beit al-Ajaib.

Wengine wanasema yote hayo yalikuwa ya Kirk na Barghash alikuwa akitikisa kichwa tu. Mimi nilikuwa mlangoni. Nimeona barua za Kirk zikisomwa na kukaliwa siku tatu bila jibu. Nimemsikia Seyyid akimwamuru mjomba afute sentensi nzima na kuandika upya, kali zaidi. Walikuwa watu wawili wenye vichwa, kila mmoja anamhitaji mwenziwe, na kila mmoja anajua kwamba mwenziwe anajua. Lakini ni kweli pia kwamba Balozi alikuwa na nguvu ambayo mabalozi wa Kifaransa na Kijerumani hawakuwa nayo, na chanzo chake, kwa maoni yangu, si manowari peke yake. Chanzo kilikuwa umbali.

Fikirini. Kirk akiandika London barua yake ilingoja meli, ikapita Aden, na jibu lilipofika msimu umegeuka. Kati ya barua na jibu palikuwa na miezi, na katika miezi hiyo serikali ya Uingereza hapa Unguja ilikuwa yeye. Akimwambia Seyyid neno, Seyyid aliweza kulishika. Hata amri ya 1873 ilipokuja, ilikuja kama kitu adimu, kama mvua ya mawe.

Mwaka 1879 waya ukafika. Kampuni ya simu ya Kiingereza iliulaza chini ya bahari kutoka Aden, na Seyyid akawapa kisiwa cha Bawe. Mji ulifurahi. Wafanyabiashara wakawa wanajua bei ya karafuu na pembe za London siku hiyo hiyo, na waliokuwa na akili wakatajirika kabla ya wengine kuelewa kilichotokea. Mimi nilifurahi kwa sababu kazi iliongezeka. Mjomba peke yake hakufurahi. Aliona kwamba barua za Balozi zimeanza kuwa fupi, na kwamba zamani Kirk akiulizwa jambo alijibu, sasa akiulizwa anasema atauliza. Akaniambia siku moja tukiwa tumekaa kwenye ngazi, "Tangu waya huu, mwanangu, Balozi amekuwa tarishi kama wewe. Tofauti yenu ni viatu."

Nilicheka. Kirk alipewa cheo cha Sir miaka miwili baadaye, 1881, na nikamwambia mjomba kwamba mimi bado nasubiri changu.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwishoni mwa 1884 kijana aitwaye Carl Peters alipita bara, Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, na karatasi za kuwekwa alama na watu ambao hawakujua kusoma. Akarudi Berlin, na Februari 1885 Kaisari akazipa karatasi hizo hati ya ulinzi. Huku kwetu habari ilipofika jumbani palikuwa kama nyumba yenye msiba. Seyyid alimpelekea Kaisari simu ya kulalamika. Alimtuma Mathews mpaka Kilimanjaro, na wakuu wa Uchaga, Rindi wa Moshi mmoja wao, wakaapa utii na bendera nyekundu ikapandishwa. Baada ya muda mfupi Mjerumani Jühlke akafika kwa Rindi yule yule na karatasi zake. Na kila alasiri mimi niko njiani kwenda Shangani, na kila barua niliyobeba, ukiondoa salamu na sifa, ilikuwa swali moja: mlisema nyinyi ni rafiki zetu, mtafanya nini?

Zamani Kirk angeandika kwao, na katika miezi ya kungoja angepanga mambo. Safari hii jibu lilikuja kwa siku. Serikali yake ilikuwa na shida Misri na Sudan, na Urusi mpakani mwa Afghanistan, ikamhitaji Bismarck, mkuu wa serikali ya Wajerumani. Bismarck akataka bara. Kwa hiyo Kirk aliambiwa asiwazuie Wajerumani, na zaidi ya hapo, amshauri Seyyid asiwazuie. Mtu aliyejenga ufalme huu kwa miaka kumi na mbili alipewa kazi ya kumshikia Seyyid mkono wakati unakatwa. Nilimwona akisoma. Kidole gumba kilikuwa kinanyoosha mikunjo, kinanyoosha, mpaka nikadhani ataichana.

Tarehe 7 Agosti 1885 tulipanda juu ya dari kuziona. Manowari tano za Kijerumani zilikuja zikatia nanga mstari mmoja mbele ya jumba, midomo ya mizinga imeelekea baraza ya Seyyid. Haukupita muda, ikawasili meli nyingine, na ndani yake Bibi Salme, dada yake Seyyid, yule aliyetoroka 1866 akaolewa na Mjerumani, naye amekuja na wanawe kudai urithi. Mji mzima ulizungumza habari yake kuliko habari ya mizinga. Aliteremka akatembea mitaani, wanawake wakamsalimu kwa vilio na vicheko. Kaka yake alikataa kumwona. Sikumlaumu, ingawa mama alimlaumu sana.

Wajerumani walitoa muda mfupi. Kirk alikuja jumbani, na safari hii hapakuwa na wazee wenye majambia. Barazani palikuwa wachache na kahawa haikuletwa. Alimshauri Seyyid akubali. Sijui kama alitaja kwamba ni amri. Hakuwa na haja. Seyyid alikubali, manowari zikapiga mizinga ya heshima, na watoto wakapiga makofi kwa sababu hawakujua ni mizinga ya nini.

Yaliyofuata yalikuwa ya kupima na kukata. Kamati ya Mwingereza, Mfaransa na Mjerumani ilipita pwani ikiuliza kila kijiji nani bwana wao. Mwingereza alikuwa Kitchener, yule aliyekuja kujulikana baadaye kwa vita vya Sudan. Mapatano ya Novemba 1886 yakamwachia Seyyid visiwa vyake, bandari kadhaa za kaskazini, na kipande cha pwani chenye upana wa maili kumi. Maili kumi! Mtu aliyeondoka Bagamoyo alfajiri aliimaliza nchi ya Seyyid kabla ya adhuhuri. Kirk hakuwapo. Alikwisha ondoka Julai ya mwaka ule kwa likizo ambayo kila mtu alijua haina kurudi, maana Wajerumani walikuwa wamemchoka na serikali yake haikuona sababu ya kumtetea. Alistaafu 1887. Seyyid Barghash alifariki Machi 1888, amerudi tu kutoka Maskati, mgonjwa. Wengine husema aliuawa na majonzi. Aliugua miaka mingi na matende yalimsumbua, majonzi hayakumsaidia.

Wakati wa kuagana na Kirk mjomba aliniuliza kama ninamhurumia Balozi. Nilisema ndiyo. Akanikemea: mtu mwenye shamba, pensheni na cheo humhurumii, unamwelewa. Labda. Lakini mimi naona tofauti kati ya mtu aliyetudanganya na mtu aliyetuahidi kwa kinywa kisichokuwa chake, na Kirk ni wa pili. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba kwa miaka kabla ya waya alimzoesha Seyyid kuamini kwamba neno la Kirk na neno la Uingereza ni neno moja. Mwaka 1877 Seyyid alikuwa tayari kumkodisha William Mackinnon, mwenye meli za British India, bara yake yote kwa miaka sabini, kwa imani hiyo hiyo. Mazungumzo yakavunjika. Na yangefaulu, nasi tungekuwa tu katika mfuko mwingine.

Tangu Waingereza wautangaze ulinzi wao juu ya Unguja 1890, barua za kwenda Shangani zilikuwa za kuomba ruhusa, na kwa barua za namna hiyo hahitajiki tarishi mwenye mbio. Nikahamia forodhani kuandika magunia. Kirk alisikika Brussels, 1889 na 1890, mjumbe wa nchi yake katika mkutano mkubwa juu ya biashara ya watumwa. Alisikika tena London, katika kamati iliyoijenga reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani, ile iliyofika Kisumu 1901. Aliishi Sevenoaks, na wanasema alipenda bustani yake.

Mama yangu alikufa mwaka wa mizinga, 1896, majuma machache kabla ya Waingereza kulipiga jumba la Seyyid kwa dakika zisizofika saa. Baba alikuwa bado hai, kwa hiyo mama alikufa suria, mali ya mtu kwa hesabu ya sheria. Amri ya kufuta hali ya utumwa ilitoka Aprili 1897, na ilipotoka iliwaacha masuria nje. Wao walihesabiwa kuwa mambo ya ndani ya nyumba. Yao ilikuja 1909. Mwaka huo Kirk alikuwa hai, mzee wa miaka sabini na sita, na bila shaka alisoma habari hiyo katika gazeti lake. Waya ulikuwa unafanya kazi vizuri sana.